Swichi ya Kuzungusha au Bodi ya Rilei: Vifaa Viwili vya Kuchagulia Sauti Vilivyojaribiwa Lamu

Amplifaya niliyoiunda mwenyewe ina chipu mbili za LM1875, moja kwa kila spika, zinazolishwa na transfoma ya volti 18-0-18. Baada ya kupita kwenye dayodi, zinazoupitisha upande mmoja tu, na kapasita, zinazouhifadhi, umeme huo huwa takriban volti 25 upande chanya na volti 25 upande hasi, na kwa kiwango hicho kila chipu hutoa wati 20 hivi, ambazo zinatosha na kubaki katika ukumbi wa nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani, wenye kuta nene na dari ya boriti. Kwa miaka mitatu amplifaya hiyo ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingizia sauti. Nilipotaka kusikiliza kanda za arusi alizozirekodi marehemu baba, au kanda za udi za Zein l'Abdin, mzaliwa wa kisiwa hiki, ilinibidi nizunguke nyuma ya kabati, nichomoe waya wa simu na kuchomeka waya wa mashine ya kanda. Mama alipotaka taarifa ya habari ya saa moja kutoka kwenye kisimbuzi cha televisheni, kazi hiyo ilianza upya. Soketi zikalegea kwa kuchomolewa na kuchomekwa, upande wa kushoto ukawa unakatika, na hapo nikaamua kuongeza swichi ya kuchagua.

Nimejaribu vifaa viwili, kimoja baada ya kingine, kwa muda unaozidi mwaka mmoja. Cha kwanza ni swichi ya kawaida ya kuzungusha kwa mkono, na cha pili ni bodi ya rilei, yaani swichi ndogo zinazovutwa na sumaku ya umeme, yenye soketi zake za RCA, zile za duara za kuchomekea waya wa sauti. Niseme mapema kwamba kwa nyumba iliyo karibu na bahari ninaipendekeza bodi ya rilei, lakini si kila bodi inayouzwa kwa jina hilo, na sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu tofauti hiyo.

Swichi ya kuzungusha niliagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, ikaja kwa basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na kutoka hapo kwa mashua. Ina safu mbili za vigusio, moja ya sauti ya kushoto na moja ya sauti ya kulia, na kila safu ina nafasi nne. Anayenunua swichi ya namna hii anapaswa kuhakikisha kwamba inaachia nafasi moja kabla ya kushika inayofuata. Zipo swichi zinazofanya kinyume, zinazoshika ya pili kabla ya kuachia ya kwanza. Hizo zina kazi zake kwingineko, lakini hapa zingeunganisha simu na mashine ya kanda kwa sehemu ya sekunde kila mara unapozungusha, ilhali hakuna kifaa kati ya hivyo kilichoundwa kupokea umeme kupitia mahali pake pa kutolea sauti. Kuipima ni rahisi. Weka ncha mbili za mita kwenye miguu miwili iliyo jirani, iweke mita mahali pa kulia inapopata njia, kisha zungusha polepole sana kutoka nafasi moja hadi nyingine. Mita ikilia katikati ya safari, swichi hiyo si ya kazi hii.

Yangu ilinyamaza, nikaifunga kwenye uso wa mbele wa sanduku, kando ya kirungu cha sauti, kile cha kupandishia na kushushia sauti. Hilo lilikuwa kosa langu wala si kosa la swichi. Sanduku nililitengenezewa na seremala kwa mbao za mvule, na soketi ziko nyuma. Kwa hiyo nyaya nane za sauti zilisafiri kutoka nyuma hadi mbele, zikipita kando ya transfoma, na nyingine mbili zikarudi kwenye chipu. Nilipowasha, spika zilivuma kwa sauti nzito isiyobadilika, ule mvumo wa hezi 50 unaotokana na umeme wa nyumbani. Nilitumia nyaya zenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani, nikiamini kwamba wavu huo ungezuia kila kitu. Wavu huzuia vizuri uga wa umeme, lakini uga wa sumaku wa transfoma hupenya shaba nyembamba kama hiyo bila shida.

Nilimpelekea sanduku fundi redio mmoja wa mtaa wa Langoni, mwenye karakana katika kichochoro kinachotoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Alilifungua, akatazama nyaya zangu zilizotawanyika, akasema, "Maalimu, waya wa kushoto na wa kulia wa kifaa kimoja zifunge pamoja, zisiachane hata upana wa kidole." Sababu aliyoieleza ni sahihi, nami nimeisadiki baada ya kuipima. Wavu wa kushoto na wavu wa kulia huungana kwenye soketi na huungana tena kwenye amplifaya, hivyo nyaya hizo mbili hufanya kitanzi. Sumaku ya transfoma ikipita katikati ya kitanzi hicho, huzalisha umeme ndani yake, na kadiri kitanzi kinavyokuwa kipana ndivyo mvumo unavyoongezeka. Tulizifunga nyaya mbilimbili, tukazipitisha upande wa pili wa sanduku, na mahali zilipolazimika kukutana na nyaya za umeme wa volti 240 tukazikutanisha kwa kukatana msalaba badala ya kulala sambamba. Vilevile fundi alitandika bati la alumini ndani ya sanduku, kwa kuwa mbao hazikingi chochote, akaliunganisha na grandi (njia ya pamoja ya kurudia umeme) mahali pamoja tu. Mvumo ukapungua hadi ikanibidi nilisogeze sikio kwenye spika ndipo niusikie.

Kwa miezi mitano ya mwanzo swichi hiyo ilifanya kazi vizuri kiasi cha kunifanya nijiulize kwa nini mtu ahangaike na rilei. Ina jambo moja jema ambalo rilei haina: kila unapoizungusha, vigusio vyake husuguana na kujisafisha vyenyewe. Haihitaji umeme. Bei yake ilikuwa karibu robo ya bei ya bodi.

Kasoro ya kwanza niliigundua usiku, wakati mji umetulia. Kanda ilikuwa ikicheza, nami nikageuza swichi kwenye nafasi ya nne ambayo haikuwa na kitu. Nilipopandisha sauti nilisikia muziki wa kanda kwa mbali, lakini ulikuwa mwembamba wa ajabu: tashkota na fidla zilipita, besi na dumbaki hazikupita. Hiyo ndiyo dalili ya sauti inayovuja. Vigusio viwili vilivyo jirani ndani ya swichi, pamoja na nyaya zake, huwa kama kapasita ndogo sana, na kapasita hupitisha mitetemo ya juu kwa urahisi zaidi kuliko ya chini. Tuchukulie pikofaradi 5 tu. Kwa mtetemo wa hezi 10,000, kizuizi chake ni kama megaomu 3.2. Kirungu changu cha sauti ni cha kiloomu 50, kwa hiyo nafasi isipokuwa na kifaa, sehemu moja kati ya 64 ya sauti ya jirani hupita, na sikio huisikia bila taabu. Kifaa kilichowashwa kikiwepo kwenye nafasi iliyochaguliwa, nacho kikawa na ukinzani wa kiloomu 1 hivi mahali pake pa kutolea sauti, kinachopita ni sehemu moja kati ya 3,000 na zaidi, ambayo kwa matumizi ya kawaida haisikiki. Kwa hiyo jaribio la nafasi tupu ni kali kuliko maisha ya kila siku, lakini ndilo linalofichua ubora wa swichi na wa kazi ya nyaya, na ninamshauri kila mmoja alifanye kabla ya kufunga sanduku.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonifanya niiache. Kusi ilipoanza kuvuma na madirisha ya upande wa bahari yakawa wazi mchana na usiku, swichi ilianza kukwaruza. Kila nilipoigeuza, spika zilitoa sauti kama ya mchanga unaomwagwa juu ya karatasi, na baadaye upande wa kulia ukawa unapotea hadi niizungushe mara tatu au nne. Nilipoifungua niliona vigusio vimepiga weusi na miguu yake ya shaba imeota ukijani. Swichi hii iko wazi pande zote, na hewa ya Lamu ina chumvi na unyevu ambao huingia popote. Niliisafisha kwa alkoholi ya isopropili, ikapona, na baada ya wiki sita ikarudi ilikokuwa. Mtu anayeishi bara, au mwenye chumba kisichopigwa na upepo wa bahari, huenda asikutane na jambo hili kwa miaka mingi, na simzuii kuinunua. Mimi kila jioni huuona ukungu wa chumvi kwenye vioo vya madirisha.

Hapo nikaagiza bodi ya rilei, na agizo la kwanza lilinisikitisha. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alinitumia bodi yenye rilei nne za buluu zilizoandikwa 10A 250VAC. Rilei hizo zimetengenezwa kwa ajili ya kuwasha taa na mota. Vigusio vyake hutegemea cheche ndogo za umeme mkubwa kuchoma utando unaojitengeneza juu ya madini, na sauti inayotoka kwenye mashine ya kanda, ambayo haifiki hata volti moja, haina nguvu ya kuupasua utando huo. Zingefanya kazi siku ya kwanza na kuanza kupoteza sauti baada ya muda. Nilieleza hayo kwa maandishi, nikaambiwa kwamba rilei ni rilei. Bodi ninayo bado, nami nitaitumia kuwashia taa za ua.

Bodi ya pili, kutoka kwa muuzaji mwingine, ndiyo iliyomo ndani ya amplifaya hadi leo. Rilei zake ni ndogo, ndefu kiasi cha kucha ya kidole gumba, zimefunikwa kabisa na zimetengenezwa kwa ajili ya ishara ndogo, zikiwa na vigusio vilivyopakwa dhahabu. Dhahabu haishikwi na chumvi wala haipigi weusi kama fedha. Kila rilei ina safu mbili za vigusio, hivyo rilei moja huhudumia kushoto na kulia kwa pamoja. Soketi nane za kuingizia zimelehemiwa ukingoni mwa bodi, na bodi hufungwa nyuma ya sanduku ili soketi zichungulie nje. Swichi ndogo ya kuzungusha hukaa mbele na kuunganishwa na bodi kwa waya bapa.

Ubora wa mpangilio huu uko hapo hasa. Swichi ya mbele haipitishi sauti kamwe. Inapitisha volti 12 tu za kuivuta rilei, mkondo wa kama miliampea 40, na hata ikikwaruza au ikapiga weusi kidogo, rilei itavutwa na sikio halitajua. Sauti yenyewe husafiri sentimita chache tu, kutoka soketi hadi rilei, kisha kwa waya mmoja wa pande mbili hadi kwenye kirungu cha sauti. Nyaya nane zilizonisumbua zimebaki mbili. Nilipokutana na fundi wa Langoni na kumwonyesha, alikubali kwamba kazi ya siku nzima ya kuzifunga nyaya za swichi ya kwanza isingehitajika.

Yapo mambo ya kuangalia wakati wa kuifunga. Matundu ya nyuma yatobolewe mapana kuliko soketi, kwa sababu pete ya nje ya soketi ikigusa bati la alumini hutengeneza njia nyingine ya grandi, na mvumo hurudi. Bodi yangu inapokea umeme wa volti 12 kutoka kwenye transfoma ndogo ya peke yake, nami nilipima kwa mita nikaona kwamba umeme wa rilei haukuungana na grandi ya sauti mahali popote. Huo ni usanifu mzuri, na mwenye bodi tofauti apime kabla ya kuunganisha. Kila rilei pia ilikuwa tayari na dayodi iliyowekwa kinyume ya kumeza mruko wa umeme unaotokea sumaku inapoachia. Bodi isiyo nayo isinunuliwe.

Siku za mwanzo kila nilipobadili nafasi kulikuwa na kishindo kidogo katika spika. Bodi haina lawama katika hilo. Kapasita zilizo kwenye mahali pa kutolea sauti pa simu na kisimbuzi hubaki na umeme usio na pa kwenda wakati zimetengwa, kisha humwagika zote kwa pamoja zinapounganishwa. Niliongeza rezista (kipande cha kuzuia mkondo) ya kiloomu 220 kutoka kila soketi hadi grandi, nane kwa jumla, ili umeme huo upate njia ya kutoka polepole muda wote. Kishindo kikaisha. Mtengenezaji angeweza kuziweka rezista hizo mwenyewe kwa gharama isiyofika ya kikombe cha chai, na ninaona ni upungufu kwamba hakufanya hivyo.

Tatizo ambalo hakuna kati ya vifaa hivi viwili kinachoweza kulitatua ni tofauti ya nguvu za sauti. Mashine yangu ya kanda hutoa kiasi cha nusu volti, na kisimbuzi hutoa karibu volti 2, kama kicheza CD cha kawaida. Kutoka kanda kwenda kisimbuzi bila kuteremsha kirungu ni kumshtua kila aliyemo ndani, na mama amelalamika kwa haki. Kwenye njia ya kisimbuzi niliweka rezista ya kiloomu 10 mbele na ya kiloomu 3.3 kwenda grandi, kila upande, na sauti ikashuka hadi karibu robo. Sasa kirungu hakiguswi kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Mwenye sahani za santuri akumbuke kwamba mashine ya santuri haiwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye bodi kama hii. Ishara yake ni ya milivolti chache na huhitaji kikuza-sauti chake cha mwanzo.

Umeme wa hapa hukatika, na hilo limenionyesha faida ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nimefikiria kununua bodi ya vitufe vya kubonyeza na rimoti. Jirani yangu anayo, na kila umeme unaporudi, bodi yake hurudi kwenye nafasi ya kwanza, hata kama alikuwa akisikiliza ya tatu. Yangu hufuata mahali swichi ya mbele ilipoelekezwa, basi.

Kuna kasoro moja ya bodi ambayo ni lazima niieleze kwa urefu, kwa sababu muuzaji hataieleza. Rilei hubadilisha waya wa ndani wa sauti tu. Grandi za soketi zote nane zimeungana kwenye shaba ya bodi daima, kifaa kichaguliwe au kisichaguliwe. Nilipochomeka kompyuta ya mezani kwenye nafasi ya nne, mvumo ulirudi, na ulisikika hata nilipokuwa nikisikiliza kanda. Kompyuta ina plagi ya miguu mitatu, na amplifaya pia, hivyo waya wa ardhi wa ukutani na wavu wa waya wa sauti hufanya kitanzi kikubwa kinachozunguka chumba kizima. Nilishauriwa na zaidi ya mtu mmoja nikate mguu wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya. Hilo halifai kufanywa. Transfoma ikipasuka ngozi ya ndani na umeme wa volti 240 ukafika kwenye bati, mguu huo ndio unaosababisha fyuzi kukatika kabla ya mtu kuligusa sanduku. Njia salama ni transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600, moja kwa kila upande, ambayo hupitisha sauti kwa sumaku bila kuunganisha grandi. Zipo pia bodi zenye rilei za ziada zinazotenganisha grandi pia, na aliye na kompyuta au vifaa kadhaa vyenye mguu wa ardhi afikirie kuzitafuta tangu mwanzo.

Kuhusu karakana ya Langoni, fundi alinitajia gharama kabla ya kuanza, akamaliza siku aliyoahidi, na lehemu yake inang'aa na imeshika kila mahali nilipopima. Alichokisahau ni kuandika majina ya nafasi kwenye uso wa mbele, nami nimeyaandika kwa wino: kanda, simu, kisimbuzi.

Bodi hii sasa imepita kusi nzima na kaskazi iliyofuata, madirisha yakiwa wazi kama kawaida yetu, na haijakwaruza hata mara moja wala kupoteza upande. Jaribio la usiku la nafasi tupu nimelirudia, na tashkota siisikii mpaka kirungu kifike mwisho. Nafasi ya nne nimeichomekea plagi mbili za RCA ambazo waya wake wa ndani nimeulehemu na pete ya nje, ili isiokote chochote, na zitakaa hapo hadi transfoma za kompyuta zitakapofika Mokowe.